Boti ya Siku Moja: Kutoka Swima Kuelekea Ubwari

Sisi wa Swima boti tunazijua tangu utoto. Tunajua boti ya soko, ile ya magunia ya unga wa muhogo na watu kukaa juu ya magunia. Tunajua boti za usiku za mwaka 1996 na miaka iliyofuata, wakati familia zetu nyingi zilivuka ziwa kwenda Kigoma. Wengine kati yetu tulijifunza kusoma na kuandika huko, kambini Nyarugusu. Tunajua pia meli za HCR ambazo kuanzia 2005 zilirudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Lakini boti ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, bila gunia na bila kumkimbia mtu, hiyo hatukuijua hata mmoja.

Wazo lilizaliwa kwenye kikao cha likelemba. Mama mmoja anayeuza ndakala alisema: «Kila mwaka tunashona kitenge cha tarehe nane ya mwezi wa tatu, tunaandamana, tunarudi kufua. Mwaka huu tulipe boti, tutembee ziwani.» Tulicheka kwanza. Halafu tukanyamaza. Sisi walimu ndio tuliona haya zaidi, maana kila mwaka tunaandika ubaoni kwamba Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, kwamba kina chake kinafika mita 1,470, kwamba nchi nne zinaligawana. Watoto wanakariri vizuri. Na mwalimu mwenyewe ziwa analijua kwenye mawe ya kufulia tu.

Tulichagua Ubwari, ile rasi yenye milima ambayo siku ya hewa safi tunaiona upande wa kusini kama mtu aliyelala ubavu. Kila mama alitoa franka 3,000 kwa wiki, wiki tisa. Tulikuwa wamama 18, hesabu ikatoa 486,000.

Kuhusu kukodi, tutaeleza kidogo, kwa sababu vikundi vingine vimeshaanza kutuuliza. Usikodi boti wakati mwezi hauonekani. Usiku wa giza ndio wakati wa wavuvi wa taa, kila motere ina kazi na mwenye boti hana muda wa kukusikiliza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, samaki hawafuati taa, wavuvi wanashona nyavu, boti zinalala mchangani. Hapo mwenye boti anakutafuta yeye. Tulingoja mwezi mkubwa wa likizo, tukapata bei ambayo wiki mbili kabla tulikataliwa.

Jambo la pili ni mafuta. Uliza mapema: bei hii ni ya boti peke yake, ama na mafuta ndani? Kwetu mafuta yalimeza zaidi ya nusu ya pesa yote, lita 60. Tulinunua wenyewe, tukapima wenyewe, na tuliandika kwenye karatasi kwamba yatakayobaki ni yetu. Avansi tulitoa nusu, nusu ingine tukirudi. Mwenye boti wa kwanza tuliyemwendea alikubali yote haya, ila alitaka nafasi ya kuchukua «abiria wachache wa njiani». Tukamwaga. Ukilipa boti nzima ni nzima, na abiria wachache wa njiani ndio wanaozamisha boti. Wote tunakumbuka Desemba 2014, meli ya Mutambala iliyotoka Kalemie ikielekea huku Uvira na kuzama na watu zaidi ya 120. Kuna wamama hapa ambao hawajaacha kulia habari ile.

Basi mapatano yetu na nahodha wa pili yalikuwa haya: jile 20 za kuokolea, watu 20, yaani sisi 18 pamoja na yeye na msaidizi wake. Jile za watoto hakuwa nazo, kwa hiyo watoto wabaki na nyanya zao. Makasia mawili, kopo la kukumba maji, buji ya akiba. Majina tuliandika mara mbili, karatasi moja ikabaki kwa mkubwa wa bichi.

Tusione haya kubishana na wenye vyombo, wametutangulia wengi. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji wakitaka chombo cha kutembelea ziwa hili. Speke alivuka kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge kuomba jahazi la Mwarabu mmoja, Hamed bin Sulayyim. Njiani mdudu alimwingia sikioni akamtesa kwelikweli, na jahazi hakupewa. Walirudi kumbembeleza mtemi Kannena wa Ujiji, wakakodi mitumbwi yake, wakapita Ubwari na kufika Uvira tarehe 26 Aprili. Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Wazee wetu wangemweleza kama angewauliza vizuri. Hata hivyo ghuba ile ya Baraka ikabaki na jina lake kwenye ramani.

Siku ya posho, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa bichi, vitenge vipya, masufuria, sombe imeshatwangwa. Tulivaa jile tukachekana, maana zingine hazikufunga kifuani. Tulikuwa tumeshapanda na msaidizi ameshika kamba aliposhuka mama mmoja mbio kutoka barabarani na mtoto mgongoni. Si mwanachama wetu. Mtoto alikuwa na miaka kama minne, homa ya siku tatu, na kituo kilikuwa kimemwandikia aende hospitali kubwa ya Nundu. Pesa ya moto hakuwa nayo, na mtoto alikuwa ameshaanza kulegea shingo. Alikuwa amesikia kwamba boti ya wamama inaelekea upande ule.

Hapa tuseme ukweli. Wa kwanza kati yetu kujibu alisema hapana. Hakuwa na roho mbaya. Ni yeye aliyepigania ile hesabu ya watu 20 kwenye vikao vitatu, na ndugu yake alikufa majini. Mwingine akasema mtoto si mtu mzima, apakatwe tu. Nahodha naye akasema kwake hakuna shida. Tulimtazama, tukaona kwamba kwake shida haipo kamwe, hata tungekuwa 30. Mama wa mtoto hakusema kitu. Alisimama ndani ya maji mpaka magotini.

Mwishowe wamama wawili walivua jile wakashuka. Hakuna aliyewatuma. Jile moja ilivaliwa na mama, nyingine tulimvika mtoto, ikamfika mpaka visigino, tukaifunga na kipande cha kitenge katikati ya miguu ili isimpite kichwani. Tukahesabu tena: 20. Wale wawili walichukua moto kwa pesa ya mboga ili watungoje ufukoni karibu na Nundu.

Saa mbili hizo za njiani hatukuimba kama tulivyopanga. Tulipita karibu na nchi kavu, barabara tukiiona, milima juu yake bado na ukungu. Boti ilikuwa inaingiza maji kidogo, zamu ya kopo ilizunguka. Mama mmoja alikuwa analowanisha kitambaa ziwani na kumwekea mtoto kwenye paji la uso, kila mara akimwuliza jina lake ili asilale. Tulipofika, wale wawili walikuwa wameshakaa juu ya jiwe wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mmoja wao akampakia mama na mtoto kwenye moto ileile, akaenda nao mpaka hospitali. Hakurudi mpaka saa tano.

Saa tano ni nyingi katika mwezi wa nane. Upepo wa kusini ulikuwa umeamka, na kutoka pale kwenda Ubwari ni lazima uache nchi kavu na kukata mdomo wa ghuba. Mbali kidogo maji yalikuwa yanapasuka nyeupe. Tulimuuliza nahodha. Alijibu: «Kuvuka naweza. Kurudi jioni sina hakika.» Jibu hilo tulimshukuru, maana angeweza kutudanganya.

Tulipiga kura. Wamama 12 walisema tubaki, sita walitaka Ubwari. Hao sita walikuwa na haki yao: wiki tisa za franka 3,000, kwa mwenye kuuza nyanya kwa mafungu, si kitu kidogo. Mmoja alitamani kuiona Rasi ya Banza, kwa sababu tulimwambia kwamba chini ya maji pale kuna chemchemi za moto, na kwamba watafiti walizamia kuzichunguza mwaka 1991. Alituambia: «Mlinionyesha sahani, mmeitoa.» Mpaka leo anatusalimia kwa ufupi.

Basi siku yetu ilikuwa kwenye mchanga ule, chini ya miembe. Tulinunua mikeke kwa mvuvi, tukaichoma, tukala na bugali na sombe. Tulioga na nguo zetu, tukishikana mikono, na jile tulizivaa mle majini. Ndipo wengi walipoamini kwamba kweli zinabeba. Mama mmoja wa watoto saba alitandika kitenge na kulala. Tulimwacha. Alilala saa mbili nzima, mchana, mdomo wazi, na alipoamka aliuliza nani amekaa na watoto, halafu akakumbuka hawapo, akalala tena.

Kurudi, upepo ukiwa mgongoni, boti ilikuwa inapanda na kushuka na hapo ndipo nyimbo zilipotoka, zingine za kanisani, zingine za kambini ambazo hatukuwa tumeziimba tangu tuliporudi. Kabla jua halijazama tulikuwa Swima. Mkubwa wa bichi alisoma karatasi yake, akakuta majina 18, na watu 18 wakajibu, wale wawili wakiwemo.

Mtoto alipewa damu. Alilala hospitali siku sita. Juzi tulimwona sokoni mgongoni kwa mama yake, anakula ndizi, amekonda lakini macho yamerudi. Mama yake ameomba kuingia likelemba, na kikao kitamjibu siku ya posho ijayo.

Mafuta yalibaki lita 21. Tumeyauza, pesa iko kwenye sanduku, na funguo tatu ziko kwa wamama watatu kama kawaida. Kuhusu Ubwari, nahodha anasema tuondoke saa tisa ya usiku na mbalamwezi, tuvuke kabla upepo haujaamka, turudi kesho yake alfajiri. Hiyo ni kulala nje usiku mmoja, na waume wengine wameshaanza kuuliza maswali.