Mguu Hauna Risiti

Watu wa Bungoma hatupendi kukubali, lakini kwa mpira wa shule Kitale wametuacha mbali. Sisi tuna Nzoia Sugar, tuna Sudi, tuna uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, na tuna midomo. Wao wana St. Anthony's. Jina lao la utani ni Solidarity, na kama uliwahi kusoma shule yoyote ya pande hizi ikapangwa nao, unaijua ile hali: basi lao likiingia tu getini, wachezaji wenu wanaanza kuumwa na tumbo.

Ndiyo maana 2024, iliposikika kwamba Aldrine Kibet na Amos Wanjala, vijana wawili wa St. Anthony's, wanaenda Uhispania kwa akademia ya Nàstic kule Catalonia, simu yangu haikutulia. Kila grupu la WhatsApp nililomo lilikuwa na mtu aliyewahi kukaa nao dawati moja, ama aliyewahi kumpiga Kibet chenga, ama ambaye binamu yake alimuuzia Wanjala mandazi. Mafanikio ya kijana wa kwenu yana ndugu wengi.

Mwaka uliofuata tuliwaona Misri na timu ya taifa ya chini ya miaka 20, kwenye AFCON ya rika hilo. Kocha alikuwa Salim Babu, ambaye Bungoma tunamjua tangu siku zake Nzoia Sugar. Tulipewa kundi la Morocco, Tunisia na Nigeria. Morocco wakatufunga 3-2, Tunisia 3-1, na Nigeria tukatoka sare 2-2. Tulirudi nyumbani mapema, lakini hatukurudi na aibu. Na katikati ya 2025 habari ikatoka kwamba Kibet amechukuliwa na Celta de Vigo, klabu ya La Liga.

Siku hiyo mtu mmoja tu kati ya ninaowajua hakuandika chochote. Ni binamu yangu, mtoto wa senge, anayekaa Kiminini, pale kwa barabara ya kutoka Kitale kuja Bungoma. Nilimpigia jioni. Hakuwa na wivu, nataka hilo lieleweke. Alimsifu Kibet kwa dakika kumi nzima, kwa ufundi, kama fundi anayemsifu fundi mwenzake: anavyopokea mpira akiwa amegeuka tayari, anavyotumia bega. Kisha akanyamaza kidogo na kusema, "Buda, shida yangu haikuwa mguu. Mguu hauna risiti."

Wacha niieleze hiyo sentensi, kwa sababu imenichukua muda kuielewa.

Binamu yangu alisomeshwa na mguu. Kuanzia kidato cha kwanza hakulipa karo. Shule moja ya Trans Nzoia, ambayo nitaiacha bila jina, ilimchukua kutoka mashindano ya shule za msingi. Huo ndio mfumo huku kwetu, na si siri: mwalimu wa michezo anazunguka vijijini Januari, anamwona kijana mwenye mguu wa kushoto, anaongea na mzazi, godoro linapakiwa kwa pikipiki. Familia inapata afueni, shule inapata kombe. Kila mtu anafurahi mpaka mtihani wa mwisho. Baada ya hapo kijana anatoka getini na cheti cha KCSE na picha za timu. Kuhusu miaka minne ya mpira, hapewi hata karatasi moja.

Ukifuatilia mpira unaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Si dogo. Kanuni za FIFA za uhamisho zinasema mchezaji akiuzwa kutoka klabu moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kila msimu kati ya 12 na 15 una robo ya asilimia moja. Kila msimu kati ya 16 na 23 una nusu. Inaitwa mchango wa mshikamano, na kwa Kiingereza neno ni lilelile la jina la utani la wale vijana wa Kitale. Solidarity. Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu ndani ya matatu.

Fanya hesabu. Kijana amelelewa mahali pamoja kuanzia miaka 14 hadi 17. Siku moja anauzwa kwa euro milioni moja, bei ambayo Ulaya ni ya kawaida tu. Misimu hiyo minne inabeba asilimia moja na nusu, yaani euro 15,000, zaidi ya shilingi milioni mbili za Kenya. Hizo zinaweza kununua mipira na viatu, kulipia mabasi, na kumpa mwalimu wa michezo posho inayoeleweka. Na tangu Novemba 2022 kuna ofisi ya FIFA iliyoko Paris ambayo kazi yake ni kuhakikisha pesa kama hizo zinafika zinakotakiwa.

Lakini zinatakiwa kufika kwa klabu. Klabu iliyosajiliwa na shirikisho, yenye jina la mchezaji kwa rekodi, msimu kwa msimu. Shule inayocheza mashindano ya shule tu si klabu. Timu ya kijiji yenye jezi za mheshimiwa si klabu. Uwanja ambapo ng'ombe wanaondolewa kwanza ndipo mechi ianze si klabu. Kwa macho ya Paris, mtoto wa namna hiyo alizaliwa siku aliyosajiliwa kwa mara ya kwanza. Kila kitu kabla ya hapo ni stori.

Kwa hivyo mguu hauna risiti. Aliyeuchonga hawezi kudai.

Risiti ya pili ambayo binamu yangu hakuwa nayo ni ya umri, na hapa ndipo stori inakuwa chungu. Tumezoea kusikia wachezaji wakipunguza miaka. Yeye aliongezewa. Alizaliwa 2005. Cheti chake kilitafutwa akiwa tayari darasani, kwa sababu mtihani ulikuwa unakaribia, na karani mmoja akaandika 2003. Senge alisaini bila miwani. Hakuna aliyejali wakati huo. Miaka miwili ni nini kwa mtoto wa darasa la saba?

Sasa, kwetu Wabukusu umri si siri ya mtu na mama yake. Tunatahiri Agosti ya kila mwaka wa shufwa, hadharani, asubuhi na mapema, na kijiji kizima kinashuhudia. Binamu yangu alitahiriwa 2018. Khocha wake alichinja. Wazee watakwambia ni nani walisimama naye mwaka huo, nani alitangulia, nani alifuata. Huwezi kudanganya umri mbele ya watu waliokuona umepakwa matope. Ukitaka ushahidi wa umri wa mtu Bungoma, muulize mzee yeyote aliye chini ya mti.

Ila mzee hana muhuri. 2024, timu ya chini ya 20 ilipokuwa ikiundwa, waliotakiwa ni waliozaliwa kuanzia 2005. Binamu yangu alikuwa ndani kwa umri wake na nje kwa cheti chake. Kocha wa mtaani aliyekuwa tayari kumpeleka Nairobi kwa majaribio aliangalia ile karatasi, akairudisha polepole, akamwambia, "Pole kijana. Ungekuja mapema." Sisemi angechaguliwa. Vijana wazuri ni wengi kuliko nafasi. Nasema tu kwamba hakuwahi kukataliwa na mpira.

Katikati ya hayo akatokea wakala. Kila kijiji chenye mchezaji kina wakala wake: simu mbili, shati safi, jina la nchi ya Ulaya Mashariki mdomoni. Alitaka 60,000 za barua ya mwaliko na viza. Senge alikodisha ekari moja ya mahindi kwa jirani misimu miwili. Na hapo panauma, kwa sababu Trans Nzoia ekari moja si utani, ni karo na unga. Barua ilikuja, yenye nembo iliyokwaruzika kama imefotokopiwa mara kumi. Namba ya wakala bado iko kwa simu ya senge. Mteja hapatikani.

Usidhani ni wanyonge wa Kiminini pekee wanaoangushwa na karatasi. Januari 2010 McDonald Mariga alikuwa Parma, Italia, na Manchester City walikuwa tayari kumchukua. Uhamisho ulikwama kwa kibali cha kazi. Uingereza wakati huo ilitaka nchi ya mchezaji iwe ndani ya 70 bora za FIFA, na Kenya haikuwa hapo. Suala hilo lilifika hadi kwa Waziri Mkuu wa wakati huo, Raila Odinga, aliyejaribu kusaidia, lakini mlango ulifungwa. Mariga akaenda Inter badala yake, na Mei mwaka huohuo Inter wakashinda Ligi ya Mabingwa. Stori yake iliisha vizuri kwa bahati na kipaji. Lakini angalia kilichomzuia mwanzoni: si pasi iliyopotea. Ni nafasi ya nchi yake kwenye orodha.

Na nchi yetu, kwa ramani ya mpira, ni ndogo. Hatujawahi kufika Kombe la Dunia. AFCON ya wakubwa tumefika mara sita, 1972 hadi 2019, na hatujawahi kuvuka makundi. 2019 tulimfunga Tanzania 3-2 na bado tukarudi nyumbani. Kijana wa Brazil akifika klabu ya Ulaya, nchi yake imeshamtangulia kupiga hodi. Wa kwetu anafika akijitambulisha yeye na nchi, kwa pumzi moja.

Ndiyo maana namwombea Kibet, na sitaki tumbebeshe mzigo usio wake. Kutoka kusaini hadi kucheza kila Jumamosi mbele ya watu elfu ishirini ni safari ndefu, na wengi huishia njiani bila kosa lolote. Akifika, tusherehekee. Asipofika, asirudi kuwa mfano wa hotuba.

Kazi iliyobaki huku nyumbani haimhusu yeye. Inahusu wanaokuja.

Binamu yangu sasa ana miaka ishirini. Cheti kilirekebishwa hatimaye, baada ya kiapo mahakamani, barua ya chifu na safari nyingi za kwenda na kurudi. Anacheza Jumapili na timu ya mtaa, wiki nzima anaendesha boda, na jioni anafundisha watoto wa chini ya miaka 13 kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wanamwona msumbufu. Kabla mtoto hajagusa mpira lazima alete nakala ya cheti cha kuzaliwa. Asiyekuwa nacho, binamu anaenda mwenyewe kuongea na mama yake, na anamwambia avae miwani.

Timu inasajiliwa rasmi mwaka huu, kama klabu. Nilituma sehemu ya ada. Akanitumia picha ya daftari lake, lile nene la jalada gumu, mistari imechorwa kwa rula: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, siku aliyoanza mazoezi. Majina ni thelathini na moja. Mbele ya jina la kumi na nne ameandika kwa penseli, herufi ndogo, kama mtu anayeogopa kusikika: huyu ako na left mbaya sana.