Daraja la Wakili na Jasusi

Ukiangalia sinema ya Bridge of Spies ya mwaka 2015, utadhani daraja la Glienicke linatisha. Wapi! Nililikuta kati ya Berlin na Potsdam, chuma cha kijani, watu wanapita na baiskeli zao. Nikasimama katikati, palipokuwa mpaka.

Tom Hanks kaigiza wakili James Donovan, aliyetukanwa kwao Marekani kwa kumtetea Rudolf Abel, jasusi wa Kisovieti. Mwaka 1957 alimwambia hakimu: msimuue, huenda kesho tukahitaji mtu wa kubadilishana. Abel akala miaka 30.

Miaka minne na kitu baadaye, Februari 10, 1962, rubani Mmarekani Francis Gary Powers alivuka hapa, Abel akielekea upande wa pili.