Majani Kwanza

Miaka ya mwisho ya Zaire, pale Mambasa, tomati ilikuwa kitu cha kutoka mbali. Ilipanda lori Butembo pamoja na shu, puwaro na viazi vya Kizungu, ikalala njiani kwenye matope, na ilipofika sokoni kwetu sehemu yake ilikuwa imeshageuka maji. Mama aliinunua moja moja, akiibonyeza kwa kidole gumba huku muuzaji akilalamika. Na sisi tulikuwa tunaishi katikati ya msitu wa Ituri, mahali ambapo hata fito za ua zilichipua majani! Lakini tomati ukiipanda mwenyewe ilitoa maua, ikanyauka.

Aliyenieleza sababu ni dada mkubwa wa mama, ambaye sote tulimwita Mama Mukubwa. Alikuwa na parseli ndogo nyuma ya jiko lake, na bustani ile ndiyo iliyotulisha miezi mingi. Yeye hakuamini hadithi ya udongo wa msitu kuwa na nguvu kwa vile miti ni mirefu. Nguvu iko juu, alisema, kwenye majani yanayooza, na kwenye majivu ya shamba jipya lililochomwa. Misimu michache ya mvua ikishapita, maji yameondoka nayo, udongo unabaki mwekundu na mchachu. Ndiyo maana majivu ya jikoni kwake hayakutupwa. Aliyachunga, akayatawanya kwa mkono mwepesi kabla ya kulima, kisha akachanganya samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza kabisa. Samadi mbichi aliipiga marufuku kwa sababu iliunguza miche.

“Unaanza na majani,” aliniambia. “Tomati itakuja nyuma.”

Majani yalikuwa lengalenga, matembele na ngaingai, na sombe kwenye mpaka wa parseli. Mbegu ya lengalenga ni ndogo kama vumbi. Ukiimwaga hivi hivi inaota kwa mafungu na kusongana. Yeye aliichanganya na mchanga mkavu ndani ya sahani, akaupitisha mkono juu ya tuta kama anayenyunyiza chumvi, akagandamiza udongo kwa kiganja, halafu akafunika kwa jani la mgomba. Kila asubuhi aliinua pembe ya jani kuchungulia. Siku ncha nyekundu zilipoonekana, jani liliondolewa saa ile ile, la sivyo miche ingerefuka ikiwa myeupe na kulala chini. Baada ya wiki tatu au nne tulianza kula. Hatukung'oa. Tulikata kwa kisu juu ya vifundo vya chini, nayo ikachipua pembeni, tukarudia kukata.

Tomati aliipangia kalenda. Mvua za Oktoba na Novemba ndizo kubwa kwetu, na ugonjwa wa madoa meusi unapenda jani lililolowa. Basi alisia kitalu mvua zikiendelea bado, chini ya kipaa cha majani ya mangongo, yale mapana ambayo Wambuti wanaezekea vibanda vyao. Wanawake wa Kimbuti walimletea mizigo ya mangongo, naye akawapa ndizi na muhogo. Mwanzoni mwa Desemba alihamishia miche kwenye matuta yaliyoinuliwa, akaisimamisha kwa fito na kung'oa majani yote yaliyogusa ardhi. Alinywesha shinani tu, kwa kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari. Kiangazi kifupi cha Januari na Februari kikaivisha matunda. Hayakuwa makubwa kama ya Butembo, lakini hayakuwahi kulala kwenye matope.

Sasa maua. Watu walimcheka kwa sababu ya maua! Katikati ya tomati alipanda tagetesi, lile ua la rangi ya chungwa lenye harufu kali, na kando ya maboga zinia za kila rangi. Jirani mmoja alimuuliza kama wazungu wamerudi. Jumapili nyingine maua hayo yalikwenda kanisani altareni, ni kweli, lakini kazi yake hasa ilikuwa bustanini. Aling'oa shina la tomati lililodumaa akanionyesha mizizi yake: imejaa vinundu. Ni kazi ya minyoo midogo isiyoonekana kwa jicho, na mizizi ya tagetesi inatoa sumu ya kuipunguza. Zinia ziliita nyuki, na boga bila nyuki halishiki tunda. Linadondoka likiwa dogo kama yai.

Oktoba 2002 vita vilitufikia. Wapiganaji wa makundi ya waasi ya MLC na RCD-N waliita kazi yao kwa Kifaransa “Effacer le tableau”, kufuta ubao. Waliyowatendea watu, Wambuti hasa, yameandikwa kwingine. Hapa nitasema tu kwamba tulitembea kwa miguu hadi upande wa Beni, na tuliporudi mwaka uliofuata parseli ilikuwa kichaka. Mbuzi hawakuwepo. Ua ulikuwa kuni za mtu. Matembele yalikuwa yametambaa hadi mlangoni mwa jiko, kwa kuwa kila kipande cha shina kinachogusa udongo kinatoa mizizi, na lengalenga zilikuwa zimejimwaga zenyewe kila mahali. Chakula cha jioni ile kilikuwa matembele bila mafuta. Mama Mukubwa aliyala kwanza, ndipo akaomba jembe kwa jirani.

Leo ninaishi Bunia, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku inafanya shu ifunge kichwa bila kubembelezwa. Tomati ninaipata kirahisi zaidi. Kwenye uzio nina alizeti mwitu, na majani yake ninayakata na kuyazika kwenye matuta wiki kadhaa kabla ya kupanda. Yanaoza upesi na kulisha udongo zaidi kuliko magugu mengi. Hilo Mama Mukubwa hakulijua, na nilipomweleza kwa simu alitaka kujua kama mbuzi wanayala. Tagetesi ninazo pia, mistari miwili kati ya tomati. Majirani wanauliza harusi ni lini.