Mabeseni 9 yalirudi

Wengi wenu wanatuuliza habari ya mabeseni yetu. Basi tuwaelezee.

Sisi tunauza ndagala na sombe kandokando ya barabara ya soko, hapa karibu na Tanganyika. Kwa siku moja tu, watu watatu walikuwa wanapita kutudai franka: wawili na jetoni, wa tatu bila karatasi yoyote. Siku tulipokataa kulipa mara ya tatu, tulinyang'anywa mabeseni 11 pamoja na ndagala ndani yake. Mwenzetu mmoja alikuwa amenunua yake kwa franka za likelemba. Usiku ule watoto wake walilala njaa.

Wengine walitaka tuandamane. Wengine walisema twende tribinali, lakini nani atalipa avoka? Tukaandika barua. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa wa serikali, peke yake ao pamoja na wenzake, nao wanapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tena hakuna anayeweza kushitakiwa kwa kuandika hivyo. Lakini ndagala haingojei miezi 3! Kwa hiyo katika barua tuliomba mpatanishi: mama mmoja mzee, mwalimu aliyefundisha watoto wetu na hata wakubwa wawili wa ile biro. Wakakubali.

Alikuja kwetu kwanza. Tulifikiri atatufariji. Akauliza: "Nani kati yenu anaweka beseni mahali motokari zinapita?" Tukanyamaza wote. Hata Fanta yetu aliikataa, asionekane amekula upande mmoja.

Siku ya kikao alitukataza kusema wote pamoja, na hiyo ilikuwa kazi kubwa. Watatu wetu walisema, wakubwa wakasikiliza. Kisha wao wakasema. Hapo ndipo tulijua kwamba yule asiye na karatasi, wao hawakumtuma.

Tulipatana hivi: jetoni moja kwa siku, yenye muhuri, nasi turudi nyuma ya mfereji. Pande zote zilitia sahihi, na kopi yetu inakaa kwa mtunza sanduku.

Mabeseni 9 yalirudi, matupu. Mawili hayakuonekana, na ndagala hakuna aliyezilipa. Juu ya hilo tutaketi tena na mwalimu Alhamisi.