Kipepeo wa Msitu wa Rockingham

Katika jimbo la Northamptonshire, nchini Uingereza, uko msitu wa kale uitwao Rockingham. Zamani wafalme waliwinda humo. Siku hizi umebaki vipande vipande kati ya mashamba. Sifa yake moja ni kipepeo mdogo ambaye wataalamu humwita Carterocephalus palaemon.

Kumtambua si kazi ngumu. Mabawa yake yakikunjuliwa, upana wake huzidi inchi moja kwa kidogo tu. Rangi yake ni kahawia iliyoiva, yenye madoa ya manjano yaliyopangika kama ubao wa dama. Mwili ni mnene, naye huruka upesi karibu na ardhi. Dume hukaa juu ya jani penye jua akilinda mahali pake, na dume mwingine akipita humfukuza.

Vipepeo hao huonekana mwezi wa Mei na Juni. Jike hutaga yai moja moja juu ya nyasi. Kiwavi akianguliwa hukunja jani, akalishona kwa uzi wake mwenyewe hata likawa kama bomba, na humo ndimo nyumbani mwake. Baridi ikikaribia hugeuka rangi ya nyasi kavu, akajificha mpaka majira hayo yapite.

Watu wa kale walikata miti ya msitu huo kwa zamu, visiki vikachipua tena, kama mkulima akatavyo mibuni iliyozeeka. Jua likafika chini, maua na nyasi zikastawi. Desturi hiyo ilipoachwa, na misonobari ikapandwa kwa kusongamana, kivuli kilifunika kila njia. Kufikia mwaka 1976 kipepeo huyu alikuwa ametoweka Uingereza.

Walisalia wengine Uskochi, penye mvua nyingi, lakini hao hula nyasi za namna nyingine. Kwa hiyo wataalamu walikwenda Ubelgiji, ambako hali ya nchi na nyasi zake hufanana na za Rockingham. Mwezi wa Mei 2018 waliachilia vipepeo 42 msituni, na mwaka 2019 wakaonekana waliozaliwa humo humo.

Hata hivyo, kazi ya shoka ilitangulia: miti ilikatwa na njia zikapanuliwa ili jua lipenye. Kazi hiyo haina mwisho. Njia zikiachwa zizibe tena, nyasi zitakufa kwa kivuli, na kiwavi hatakuwa na jani la kushona.