Mchelea Mwana Kulia

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi akina mama huitumia methali hiyo bila taabu tunapomsema mtoto wa miaka mitatu anayelilia peremende dukani. Ni vigumu kuitamka mwana huyo akishaota ndevu, anadaiwa huku na huko, na anabisha mlango usiku wa manane akitaka afichwe.

Iko filamu ya zamani ya Kiitaliano inayotufikisha kwenye mlango huo. Jina lake ni Rocco na Ndugu Zake. Iliongozwa na Luchino Visconti mwaka 1960, na mwaka huo huo ikapata Tuzo Maalumu katika tamasha la Venice. Haina rangi, na huchukua karibu saa tatu. Tuliitazama akina mama watano, tukisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kutafsiriana. Ilipokwisha, chai ilikuwa imepoa na hatukuwa tumekubaliana.

Hadithi yenyewe ni ya Rosaria, mjane kutoka Lucania, sehemu kavu na maskini ya kusini mwa Italia. Anafika Milan kwa gari moshi pamoja na wanawe wanne: Simone, Rocco, Ciro na Luca mdogo. Mkubwa wao, Vincenzo, alitangulia mjini. Wanamkuta katika sherehe ya uchumba wake, na usiku haujaisha kabla mama na wakwe watarajiwa hawajagombana. Filamu imegawanywa sehemu tano, kila moja ikibeba jina la mwana mmoja.

Familia hiyo haikuwa peke yake. Kati ya mwaka 1955 na 1971, Waitaliano wapatao milioni 9 walihama kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, wengi wao wakitoka kusini kwenda kwenye viwanda vya kaskazini. Mji ulitaka mikono yao, lakini haukuwa tayari kuwapa nyumba. Katika filamu, Vincenzo anafundishwa ujanja: panga nyumba, lipa kodi ya miezi michache, kisha acha kulipa. Ukifukuzwa, manispaa itakupa makao ya watu waliofukuzwa. Basi familia inaanza maisha mapya kwa hila ndogo, kwa sababu njia iliyonyooka haikuwekwa kwa ajili yao.

Hata hivyo, wana furaha. Asubuhi moja theluji inaanguka, na Rosaria anawaamsha vijana kwa shangwe, maana theluji ni kibarua: watakwenda kuifagia barabarani na kurudi na fedha. Sisi tulicheka kwa kumtambua. Ni mama gani asiyejua furaha ya siku ambayo watoto wote wameondoka nyumbani kwenda kazini?

Simone ndiye anayeharibika. Anaingia katika ndondi, anapata sifa upesi, na sifa zinamlevya. Anaiba katika duka la dobi ambako Rocco anafanya kazi. Anamng'ang'ania Nadia, msichana anayeuza mwili wake. Nadia anamwacha, na baadaye anapendana na Rocco, kijana mpole anayemfanya atamani kuanza maisha upya. Simone anapojua, anawavizia na genge lake na kumbaka Nadia mbele ya macho ya ndugu yake.

Hapo ndipo Rocco anapofanya jambo lililotugawa. Juu ya paa la kanisa kuu la Milan, anamwambia Nadia arudi kwa Simone, kwa kuwa Simone anamhitaji zaidi. Baadaye Simone anaiba tena, na Rocco anatia sahihi mkataba wa kupigana ngumi kwa miaka kumi ili alipe deni la ndugu yake. Rocco mwenyewe anauchukia mchezo huo.

Mwenzetu mmoja alisema, "Huyu ni mtakatifu." Mwingine akamjibu, "Mtakatifu wa kutoa mali isiyo yake." Tulinyamaza kidogo. Fedha na miaka kumi vilikuwa vyake Rocco, na mtu ana haki ya kutoa kilicho chake. Nadia hakuwa wake. Alimtoa binti wa watu kama dawa ya mgonjwa, na hakuna aliyemwuliza binti huyo.

Inasemekana jina la filamu lilitokana kwa sehemu na riwaya ya Thomas Mann juu ya Yusufu na ndugu zake. Sisi tulioisoma habari hiyo katika kitabu cha Mwanzo tunakumbuka kwamba Yusufu alisamehe, lakini hakusamehe kwa haraka. Aliwajaribu kwanza. Alingoja mpaka Yuda aliposimama na kujitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini, ndipo akalia na kujitambulisha. Rocco hangoji lolote. Anasamehe, na Simone anazidi kushuka.

Mwisho unatisha. Usiku ambao Rocco anashinda pambano kubwa, Simone anamchoma Nadia kisu kando ya maji, nje ya mji. Nyumbani watu wanasherehekea ushindi. Simone anaingia na kukiri. Mama anaomboleza. Rocco anamkumbatia muuaji na kulia naye. Ciro, aliyesoma jioni na kupata kazi katika kiwanda cha magari cha Alfa Romeo, ndiye anayetoka mbio kwenda polisi.

Tulibishana sana juu ya Ciro. Mmoja wetu alisema kinywa chake kisingeweza kumtaja mwanawe kwa askari. Mwingine, aliyewahi kuona kijana wa jirani akizungukwa na umati kwa ajili ya wizi, alijibu kwa sauti ndogo: "Afadhali mimi nimpeleke, kuliko mtaa umpate." Hakuna aliyemcheka yeyote.

Lakini katika ubishi wetu wote tulikuwa tukisema mwanangu, mwanangu, kama Rosaria. Kwake yeye, Nadia ndiye balaa lililomharibia kijana. Wakati wa kilio nyumbani kwao, machozi yanamwagika kwa ajili ya Simone, na maiti ya Nadia iko kule kando ya maji. Binti huyo naye alikuwa na mama.

Labda hapo ndipo pa kuanzia, wasomaji wapenzi. Hatuna budi kuwapenda wana wetu waliopotea, kuwapelekea chakula gerezani, kuwangoja. Lakini tunapolipa deni la kijana kimyakimya, au kurudisha kitu alichoiba na kumwomba mwenyewe asiseme, tuulize kwanza ni nani mwingine anayelipa. Aghalabu ni mtu asiyekuwepo mezani petu.

Na Luca mdogo husikia yote. Katika sehemu ya mwisho anamwendea Ciro nje ya kiwanda, na Ciro anamweleza waziwazi kwa nini alifanya alivyofanya. Hamfichi mtoto wala hamtukani Simone; anasema alimpenda kuliko wote. Katika nyumba zetu, ni nani anayemweleza Luca?