Kofia Iliyotundikwa kwenye Usukani

Siku ile tulipanda boda moja, mimi na mdogo wangu wa miaka 14. Tulitoka Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tukielekea Kabingo kutafuta gari la Mbarara. Mama alikuwa ametupa pesa za kuhesabu, na kupakiwa pamoja kulipunguza nauli. Dereva alikuwa na kofia ngumu moja tu, nayo aliitundika kwenye usukani.

Barabara ile ni ya udongo. Wakati wa kiangazi, lori likikutangulia huoni kitu kwa vumbi. Dereva alimkwepa mbuzi, tairi likateleza kwenye changarawe, tukaanguka. Mimi nilichubuka viwiko. Mdogo wangu aligonga kichwa, akanyamaza.

Jioni tulikuwa hospitalini Mbarara. Mama alikaa sakafuni, ameshika kiatu kimoja cha mtoto wake. Usiku mdogo wangu alizinduka, akaniuliza kama tumeshafika Kabingo. Mpaka leo akisoma kwa muda mrefu kichwa kinamuuma, na mambo ya darasani anayasahau upesi.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani zinaongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Sheria ya Uganda inataka dereva na abiria wote wavae kofia ngumu, na pikipiki ibebe abiria mmoja. Haya tulikuwa tumefundishwa shuleni. Tuliyajua vizuri, lakini asubuhi ile tulihesabu nauli tu.

Siku hizi wenzangu hunicheka ninapokataa kupakiwa na mwingine. Nawaambia: kabla ya kuuliza bei, uliza kofia. Ukiivaa, funga mkanda wake chini ya kidevu, maana kofia isiyofungwa huruka kabla hujafika chini. Kama mko wawili na pesa haitoshi boda mbili, ondokeni mapema mngoje gari.

Dereva wetu naye alikuwa kijana, labda wa miaka 18. Watu wengi walimlaumu, nami nilinyamaza. Ukweli ni kwamba yeye alitaka kumchukua mmoja. Mimi ndiye niliyemwambia, “Kaka, tupakie wote wawili, si mbali.” Mdogo wangu alilisikia neno hilo. Hajawahi kunikumbusha.